Vivinjari vingi, injini moja: kwa nini wapo wanaoanza upya

JUBA. Mfanyabiashara wa Konyo Konyo anayejaza fomu ya viza au forodha kwa simu ya Android anaweza kutumia Chrome, Edge, Brave, Opera au Samsung Internet. Majina ni matano, lakini yote yanaendeshwa na injini moja, Blink, inayosimamiwa zaidi na Google.

Injini ndiyo inayosoma msimbo wa tovuti na kuugeuza kuwa maandishi, picha na vitufe vya kubonyeza. Nyingine kubwa zilizobaki ni mbili tu: WebKit ya Apple, iliyomo kwenye iPhone, na Gecko ya Mozilla, iliyomo ndani ya Firefox.

Zamani zilikuwa nyingi zaidi. Mwaka 2013 Opera ilitangaza kuiacha injini yake, Presto, na Desemba 2018 Microsoft nayo ikatangaza kuhamia upande wa Google. Sababu ni gharama. Viwango vya wavuti huongezeka kila mwaka, na ukurasa ukifunguka vibaya, mtumiaji hulaumu kivinjari.

Pamoja na hayo, wapo wanaojenga upya. Sababu yao ya kwanza inaeleweka kwa urahisi Juba, mji unaotegemea barabara ya Nimule yenye kilomita 192. Madereva wa malori walipogoma mwaka 2021 baada ya wenzao kuuawa, mizigo ilikwama mpakani. Injini ikibaki moja, mwenye nayo ndiye anayeamua wavuti uende wapi, na dosari yake moja ya usalama huwagusa wote kwa pamoja.

Sababu ya pili ni usalama wenyewe. Mwaka 2012 Mozilla ilianzisha Servo kwa lugha ya Rust, inayozuia makosa mengi ya kumbukumbu ambayo wadukuzi huyatumia. Mozilla iliachisha kazi timu hiyo mwaka 2020, na mradi ukahamia Linux Foundation.

Ya tatu ni fedha. Mozilla hupata sehemu kubwa ya mapato yake kutoka Google. Ladybird, kivinjari kilichoanzishwa na Andreas Kling, kiliundiwa shirika lisilo la faida mwaka 2024, linaloendeshwa kwa michango na kukataa mikataba ya aina hiyo.

Kwa anayevuka Elegu, athari ni za kila siku. Tovuti iliyojaribiwa kwenye Chrome mpya pekee inaweza kugoma kwenye simu ya zamani. Opera Mini hubana kurasa kwenye seva ili kuokoa bando, lakini fomu nzito huweza kukataa kutumwa.

Ladybird inalenga kwanza kompyuta za Linux na macOS, si simu. Kwa sasa, mwenye simu ya Android anaweza kuweka Firefox pembeni ya Chrome na kuijaribu fomu kabla lori halijaondoka. Injini moja ikikataa, nyingine huenda ikakubali.