Nyumba ya Safu: Ukuta Mmoja, Wamiliki Wawili

Nyumba ya safu ni ile iliyoshikana na nyumba za jirani kwa kuta za ubavuni, kiasi kwamba nyumba nne, sita au hata ishirini husimama katika mstari mmoja, kila moja ikiwa na mlango wake wa mbele, ngazi zake kama ni ya ghorofa, na kiua chake cha nyuma. Inatofautiana na jengo la ghorofa ambamo familia moja hukaa juu ya dari ya nyingine, na inatofautiana pia na nyumba pacha, ambayo ina jirani wa ubavu mmoja tu. Wajenzi wa mijini huipenda kwa sababu kiwanja ambacho kingebeba nyumba moja yenye uzio hubeba tatu au nne za safu, na wanunuzi huipenda kwa sababu huwaweka karibu na soko, shule, hospitali na kituo cha daladala, mahali ambapo nyumba ya kujitegemea ingewashinda kwa bei.

Kwa mkazi wa Kinampanda, kata ya wilaya ya Iramba inayojulikana zaidi kwa chuo chake cha ualimu, ujenzi wa namna hii si mgeni kama unavyodhaniwa. Tembe, ile nyumba ndefu ya kuta na paa la udongo iliyojengwa na Wanyiramba, Wanyaturu, Wagogo na majirani zao wa Tanzania ya kati, ilikuwa na vyumba vilivyofuatana kwa mstari, ukuta wa chumba kimoja ukiwa pia ukuta wa cha pili, na kota za watumishi zilizojengwa baadaye zilifuata mantiki hiyohiyo kwa matofali na bati. Tofauti iliyopo ni kwamba tembe ilikuwa ya ukoo mmoja na kota zilikuwa za mwajiri mmoja, ilhali safu ya kisasa huwaweka chini ya paa moja watu wasio na undugu wala bosi mmoja, ambao kila mmoja wao amelipa fedha zake na anajiona mwenye kauli ya mwisho. Ugumu wote wa ununuzi huu huanzia hapo, na ndiyo maana mwalimu anayekaribia kustaafu, au mfanyabiashara wa alizeti au vitunguu anayetaka kuwa na nyumba Singida mjini, Dodoma au Dar es Salaam, hana budi kukagua vile atakavyomiliki pamoja na wengine kabla hajashawishika na marumaru na rangi.

Kilicho wazi kuliko vyote ni ukuta. Ukuta wa pamoja hufanya kazi tatu kwa wakati mmoja: hubeba uzito wa paa au sakafu ya juu, huzuia sauti, na huzuia moto usivuke. Tofali la saruji la inchi sita lililolazwa vizuri na kupigwa plasta pande zote mbili laweza kubeba uzito wa nyumba ya chini bila taabu, lakini katika kuzuia sauti huzidiwa na tofali la inchi tisa au kuta mbili zenye mwanya kati yake, na huharibika kabisa pale fundi wa umeme anapochimba masanduku ya soketi yakatazamana kutoka nyumba hizi mbili. Kasoro iliyo mbaya zaidi haionekani kutoka sebuleni. Katika safu nyingi zenye paa moja la bati, ukuta huishia usawa wa dari na kuacha nafasi wazi inayopita juu ya nyumba zote, na nafasi hiyo huwa njia ya sauti, ya panya, ya mwizi anayejua kutambaa, na siku ya hatari huwa njia ya moshi na moto kutoka nyumba ya kwanza hadi ya mwisho. Mnunuzi anayeomba ngazi na tochi, akapanda darini akaona kama ukuta umefika chini ya bati, hujua katika dakika chache jambo ambalo hakuna kipeperushi cha mauzo kitakachomwambia.

Nyufa nazo husomwa kwa namna yake. Sehemu za Dodoma zina udongo wa mfinyanzi, wengi huuita udongo wa mbuga, ambao huvimba unaponyonya maji ya masika na kusinyaa kiangazi, na nyumba ndefu iliyokaa juu ya udongo huo hupinda kwa urahisi kuliko nyumba fupi. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu ukanda huu wa kati umepakana na Bonde la Ufa na hutikiswa na matetemeko mara kwa mara, mhandisi makini hukata safu ndefu kwa mianya ya makusudi, yaani nafasi nyembamba kutoka msingi hadi paa inayoruhusu kila kipande kicheze peke yake. Ufa mwembamba wa plasta ni jambo la kawaida, lakini ufa unaopanda kama ngazi kupitia viungo vya matofali, ukaonekana pande zote mbili za ukuta wa pamoja, ni habari ya msingi, na msingi wa safu hautengenezwi na mmiliki mmoja.

Nyumba za katikati zina jambo jingine ambalo wanunuzi husahau: hazina uchochoro wa pembeni. Kama karo la maji machafu liko nyuma, gari la kunyonya lazima lipate njia, na kama hakuna barabara ya nyuma bomba litapitishwa sebuleni. Hewa na mwanga pia huingia mbele na nyuma tu, hivyo nyumba ya safu iliyo ndefu kupita kiasi huwa na chumba cha kati chenye giza, wakati nyumba ya pembeni, ambayo huuzwa ghali zaidi, hustahili sehemu ya ongezeko hilo.

Baada ya ukuta ni hati, na hapa mtu aliyezoea ardhi ya kijiji huingia katika utaratibu mwingine. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huohuo zinakubaliana kwamba ardhi yote ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na kwamba mtu hupewa haki ya kuikalia na kuitumia. Kijijini haki hiyo husimamiwa na halmashauri ya kijiji, huandikwa katika hati ya hakimiliki ya kimila, na yaweza kuwa haina kikomo cha muda. Mjini haki hutolewa kwa miaka maalumu, kwa kawaida 33, 66 au isiyozidi 99, na huandikishwa kwa Msajili wa Hati. Nyumba ya safu iliyonunuliwa mwaka 2025 juu ya kiwanja chenye hati ya miaka 33 iliyoanza 2005 ina miaka 13 tu kabla ya hati hiyo kuhitaji kuhuishwa, hata kama nyumba yenyewe inanukia rangi mpya.

Mwenye safu anaweza kuwapa wanunuzi umiliki kwa njia mbili. Ya kwanza ni kukigawa kiwanja chenyewe kuwa vipande vyembamba, kila kipande kikapimwa na kupewa hati yake. Mnunuzi humiliki kuanzia barabara hadi nyuma, na ushirika wake na jirani huishia kwenye ukuta. Ya pili ilifunguliwa na Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo Na. 16 ya mwaka 2008, ambayo kabla yake mtu hakuweza kuwa na hati ya sehemu ya jengo ikiwa imetengana na hati ya kiwanja kizima. Kwa sheria hiyo, ramani ya sehemu huandikishwa, kila mnunuzi hupata hati ya sehemu yake pamoja na mgao wa haki katika maeneo ya pamoja, kama njia, maegesho, tangi la maji na geti, na wamiliki wote huwa chama kinachotunga kanuni, kukusanya michango na kusimamia matengenezo. Njia ya kwanza humpa mtu uhuru zaidi, lakini kwa safu inayotumia paa moja, karo moja na pampu moja njia ya pili ni bora kwa mbali, kwa kuwa humpa jirani anayelipa nguvu ya kisheria dhidi ya asiyelipa.

Kuna hali ya tatu, ambayo si njia bali ni mtego: hati moja ya kiwanja ibaki kwa mjenzi, naye awape wanunuzi mikataba ya mauzo na ahadi kwamba hati zinashughulikiwa. Mjenzi huyo mara nyingi ameiweka hati hiyo rehani benki ili apate fedha za ujenzi, na akishindwa kulipa, benki huwa na madai juu ya kiwanja chote pamoja na nyumba zilizokwisha kulipiwa. Upekuzi rasmi katika daftari la Msajili huonyesha jina la mmiliki, rehani na mazuio yaliyoandikwa, na pale rehani inapoonekana, fedha zisitoke mpaka benki iandike kwamba inaiachia sehemu inayouzwa. Muuzaji akiwa mtu binafsi mwenye ndoa, ridhaa ya mwenzi wake ni ya lazima kwa nyumba ya familia, na Sheria ya Ndoa ya 1971 haikuacha utata juu ya hilo.

Mtaa ambao unaonyesha vizuri zaidi safu inavyozeeka uko nje ya Tanzania. Buruburu, mashariki mwa Nairobi, ulijengwa kwa awamu tano kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya familia za kipato cha kati, nyumba zake zikishikana kuzunguka nyua za pamoja zinazoitwa koti. Ulikuwa mradi uliosifiwa, na bado ni mtaa wenye uhai, wenye maduka, muziki na matatu zilizochorwa kwa ufundi. Lakini kadiri miaka ilivyopita, wamiliki wengi waliongeza vyumba vya kupangisha mbele na juu, bustani zikawa fremu za biashara, na mabomba yaliyopimwa kwa familia moja yakabebeshwa mzigo wa kadhaa. Nyumba zenyewe hazikuwa mbovu. Kilichopungua ni mamlaka juu ya vya pamoja, kwani pale ambapo wakazi wa koti walishikamana wakachangia na kukataliana ujenzi holela, mazingira yalibaki tofauti kabisa na ya koti la jirani. Kwa hiyo anayenunua nyumba ya safu ya mkono wa pili hupata mengi katika mihtasari ya vikao vya chama na daftari la michango: chama kisichokutana ni dalili mbaya kuliko ufa.

Upande wa fedha, mkopo wa nyumba nchini Tanzania bado ni mdogo kwa kulinganisha na uchumi, ingawa sheria maalumu ya mikopo hiyo ilitungwa 2008 na kampuni ya kuzipa benki mitaji ya muda mrefu, TMRC, ikaanzishwa 2010. Riba imekuwa ikicheza zaidi kati ya asilimia 15 na 19 kwa mwaka. Shilingi milioni 60 zikikopwa kwa asilimia 15 kwa miaka 15, marejesho ni takriban 840,000 kwa mwezi, na jumla yake ni kama milioni 151. Mtumishi wa umma anayetakiwa kubakiwa na theluthi moja ya mshahara hawezi kubeba deni hilo akiwa na chini ya 1,260,000, na kwa kuwa umri wa kustaafu kwa lazima ni miaka 60, mwalimu wa miaka 50 hapewi miaka 15. Mkulima ana shida ya namna nyingine, kwa maana benki hutaka rejesho la kila mwezi ilhali alizeti hulipa kwa msimu, hivyo kununua kwa awamu kutoka kwa mjenzi mwenye hati safi humfaa zaidi kuliko rehani.

Gharama za pembeni ni chache ila huuma. Ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya thamani, bei ya nyumba mpya iulizwe kama imejumuisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na kodi ya majengo, ambayo tangu 2021 hukatwa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU, humwangukia mwenye mita; safu ambayo bado inatumia mita moja kwa nyumba tatu ni ugomvi uliokwisha kuandaliwa.

Limebaki suala la uchangamfu wa mtaa, ambao ndio huuza nyumba hizi. Kanuni za udhibiti wa kelele na mitetemo za mwaka 2015, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, huweka viwango vikali zaidi kwa eneo la makazi matupu na viwango vilivyolegea kwa eneo la mseto wa makazi, biashara na burudani, kwa hiyo anayelalamikia baa iliyo mbele ya nyumba yake hupimiwa kwa kiwango cha eneo alilonunua na si kwa usingizi anaoukosa. Mpangokina wa mtaa, yaani ramani inayoonyesha matumizi yaliyoidhinishwa ya kila kiwanja, hutunzwa na idara ya mipango miji ya halmashauri, na mnunuzi anaweza kuuomba na kuusoma kabla ya kusaini, akitazama si kiwanja chake tu bali pia kile kitupu kilicho ng'ambo ya barabara.