Jua la Kibirizi na mifupa ya bibi

Bibi yangu ameanika dagaa pale Kibirizi kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwaka jana aliteleza kwenye jiwe lenye maji, akaanguka kidogo tu, na kifundo cha mkono kikavunjika. Likizo nzima nilijiuliza: mtu anayeshinda juani, tena anakula dagaa wazima na mifupa yao, amekosa nini?

Jua hakulikosa. Miale yake ikipiga ngozi hutengenezwa vitamini D, ambayo hubadilishwa kwenye ini, kisha kwenye figo, ikawa homoni kamili. Kazi yake kubwa ni kuuwezesha utumbo kufyonza kalsiamu ya chakula. Watafiti waliopima damu ya Wamasai na Wahadzabe wanaoishi kimila hapa Tanzania walichapisha matokeo mwaka 2012: wastani ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, ilhali wataalamu wengi huona 50 inatosha. (Sisi tunaoshinda maktaba ndio tujiulize.)

Lakini kufyonza kalsiamu ni jambo moja, na mfupa kuitunza ni jambo lingine. Mfupa ni hai. Zipo seli zinazobomoa sehemu chakavu, na nyingine zinazojenga upya. Kalsiamu ikipungua katika damu, tezi nne ndogo za shingoni, nyuma ya tezi ya thairoidi, hutoa homoni inayosababisha mifupa iachie akiba yake, maana moyo na misuli haviwezi kusubiri. Kwa mwanamke, estrojeni huzibana seli zile zinazobomoa zisizidishe kazi. Hedhi ikikoma, estrojeni hushuka sana, na katika miaka ya mwanzo ubomoaji huushinda ujenzi. Kwa kawaida hakuna maumivu. Mara nyingi habari ya kwanza ni mfupa uliovunjika.

Nyumbani walisema, "Ni uzee tu." Aristotle alitufundisha kwamba kitu kimoja huwa na sababu zaidi ya moja, na hapa uzee unazificha nyingine. Bibi alifungwa P.O.P., akaambiwa arudi baada ya wiki sita. Hakuna aliyemuuliza hedhi ilikoma lini, wala kumweleza kwamba zipo dawa za kupunguza kasi ya ubomoaji.

Pasaka nikirudi nitampeleka kwa daktari, tuulize kuhusu nyonga kabla hajaanguka tena. Kwa sasa wajukuu ndio wanaobeba ndoo kupita yale mawe. Yeye amebaki kugeuza dagaa, na analalamika kwamba wanamwaga.