Ukuta Uliofungwa Vizuri



Je, unakumbuka tarehe 12 Agosti mwaka 2020? Siku hiyo, baada ya saa 2 usiku, ardhi ilitikisika hapa Dar es Salaam. Watu wengi walikimbilia nje. Tetemeko hilo lilianzia chini ya Bahari ya Hindi.

Wenzetu wa Kagera walipata msiba mkubwa zaidi. Tarehe 10 Septemba mwaka 2016 tetemeko liliangusha nyumba nyingi za matofali. Watu zaidi ya 15 walikufa. Tetemeko hutikisa tu. Kinachoua mara nyingi ni ukuta unaoanguka.

Kwa nini ukuta huanguka? Ukuta una nguvu ya kubeba mzigo wa juu. Lakini tetemeko husukuma ukuta kwa ubavu, huku na huku. Ukuta uliosimama peke yake hupasuka na kuanguka.

Jaribu jambo hili. Chukua kasha la kiberiti. Toa kijisanduku cha ndani. Bonyeza ganda la nje kwa ubavu. Linalala. Sasa rudisha kijisanduku ndani, ubonyeze tena. Halilali. Kwa nini? Kwa sababu sehemu zake zinashikana.

Nyumba ni hivyo hivyo. Tazama majengo ya kale ya pwani, kama Boma la Kale karibu na bandari ya Dar es Salaam. Lilijengwa katika miaka ya 1860, wakati wa Sultani Majid. Kuta za majengo hayo ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa. Dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Boriti hizo ni fupi, kama meta 3 hivi. Kwa hiyo vyumba ni vyembamba na kuta zimekaribiana. Ncha za boriti zimeingia ndani ya kuta. Boriti hubeba dari, tena husaidia kushika kuta zisiachane.

Lakini unene peke yake hautoshi. Ukuta mzito husukumwa na tetemeko kwa nguvu zaidi. Tena boriti zikioza na mvua ikila chokaa, kuta huachana. Jumba la Maajabu la Unguja lilijengwa mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba mwaka 2020 sehemu yake iliporomoka, na watu 2 walikufa. Siku hiyo hapakuwa na tetemeko. Jengo lilikuwa limechakaa.

Sasa itazame nyumba yako hapa Temeke.

1. Je, matofali yamepishana kwenye pembe?
2. Je, kuta za vyumba zimeungana na kuta za nje?
3. Je, lenta imezunguka nyumba yote, au iko juu ya milango tu?
4. Je, nondo za lenta zimepinda kwenye pembe na kuendelea, au zimekatika hapo?
5. Je, paa limefungwa imara kwenye kuta?

Ukiona ufa mpana penye pembe, usiufiche kwa lipu. Mwite fundi anayejua kazi yake. Ukijenga upya, usibane nondo na saruji ya lenta. Lenta ndiyo mshipi wa nyumba.

Maswali ya kujadiliana

1. Tetemeko husukuma ukuta upande gani?
2. Boriti za mikoko zina kazi gani mbili?
3. Ni nyumba gani mtaani kwenu yenye ufa? Mtafanya nini?