Kodiani na fidla ni vyetu pia

Juzi hapa Machakos jirani aliniwekea walzi ya Wafaransa wa Quebec, Kanada: kodiani na fidla, mapigo matatu, la kwanza zito. Akaniuliza kama sisi watu wa Pwani twavijua vyombo hivyo. Nikacheka.

Kodiani ilipewa hataza Vienna mwaka 1829. Mvukuto ukivutwa na kusukumwa, hewa hutetemesha vijichuma vyembamba. Taarabu ya Unguja iliipokea, ikaketi na fidla, udi na ganuni. Siku hizi kinanda cha umeme kimeshika nafasi zao kwenye harusi nyingi.

Marehemu ami yangu aliacha fidla. Leo haina nyuzi. Ndugu zangu, wazee wajuzi wangalipo. Tuwapeleke vijana wakajifunze, tusije tukaulizia chetu Kanada.