FUMBO LA MANENO NA KIKOHOZI CHA MGODINI

Ndugu mfanyakazi, gazeti likichelewa njiani habari zake hulala, lakini fumbo la maneno halichachi. Hata likifika Salamabila likiwa limekunjamana, visanduku vyake vinakungoja. Leo tuzungumze namna ya kulifumbua, maana kuna jambo la afya ndani yake.

Mchezo huu ulianzia Marekani. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, alitoa fumbo la kwanza la namna hii katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Lilikuwa na umbo la almasi. The Times la London lilianza lake mwaka 1930, na The New York Times mwaka 1942.

Mara nyingi fumbo la gazeti huwa na jambo moja linalounganisha maneno yake marefu. Ukiligundua jambo hilo, kazi inakuwa nyepesi. Lakini na mtego uko hapo hapo: ukishaamini kwamba umelijua, unaanza kulazimisha maneno yaingie.

Tutoe mfano. Fumbo letu linahusu mgodi. Mstari wa kulala unauliza: «Hatari ya hewani, herufi 5.» Mtu mwenye haraka anaandika MOSHI kwa biki. Kutoka kisanduku cha mwisho linashuka neno jingine: «Kiungo cha mwilini, herufi 3.» Ni INI. Herufi I imekubali, naye anafurahi. Kisha anatazama neno linaloshuka kutoka kisanduku cha kwanza: «Hukinga vidole vya mguu, herufi 5.» Ni VIATU. Basi herufi ya kwanza ni V, na neno la kulala ni VUMBI. Ukurasa umekwisha haribika.

Shika kanuni hizi tatu:

1. Andika kwa penseli mpaka neno linalokatiza likuthibitishie.
2. Herufi inayofaa maneno mengi haithibitishi neno lolote.
3. Maneno yakigombana, futa lako. Usimlaumu mtunga fumbo.

Sasa tuje kwenye mwili wako. Kikohozi ni kama ile I ya mwisho, kinafaa maneno mengi. Chaweza kuwa mafua. Chaweza kuwa kifua kikuu. Chaweza kuwa silikosi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi laini la mawe. Kifua kikuu na silikosi vyote viwili huweza kuleta kikohozi, kukonda na pumzi fupi. Tena mwenye silikosi hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi, kwa hiyo maneno yote mawili yanaweza kukaa katika kifua kimoja. Ukijiandikia «mafua» kwa biki, ukanunua vidonge sokoni, miezi inapita na ugonjwa unaendelea. Na kama ni kifua kikuu, watoto unaolala nao chumba kimoja wanavuta hewa hiyo hiyo.

Maneno yanayokatiza ni haya: makohozi yako yapimwe, mapafu yapigwe picha, nawe ujibu swali moja: umetoboa jiwe kavu kwa miaka mingapi?

Majibu hayo yana uzito. Kifua kikuu hupona, dawa zikimezwa mpaka mwisho, kwa kawaida miezi 6. Silikosi haina dawa ya kuiponya, kwa sababu makovu yake katika mapafu hayafutiki. Hilo ndilo neno lililoandikwa kwa biki. Dawa yake ni kulizuia lisiandikwe: maji yamwagike pale jiwe linapotobolewa, na barakoa ya kuchuja vumbi ibane uso vizuri. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii chembe zile ndogo kabisa.

Basi, kikohozi kikitimiza majuma mawili, njoo dispensari, hata kama umekwisha kukipa jina. Kikija na damu, usingoje majuma hayo. Tueleze pia kazi zako za zamani, hata ile ya kuchimba dhahabu kwa mkono kabla hujaingia kampuni. Hatuulizi ili tukushitaki. Bila jibu hilo, visanduku vingine vitabaki vitupu, nasi tutakuwa tunabahatisha juu ya kifua chako.