Lugha ya mwili ya paka

Lugha ya mwili ya paka ni jumla ya ishara ambazo paka wa nyumbani (jina la kisayansi: Felis catus) hutoa kwa mkia, masikio, macho, manyoya na mkao wa mwili ili kuwasiliana na paka wenzake, wanyama wengine na binadamu. Ishara hizo huambatana na sauti na harufu. Maana yake hutegemea mwili mzima na mazingira, hivyo ishara moja peke yake inaweza kupotosha.

Asili

Paka wa nyumbani ametokana na kimburu, paka-mwitu wa Afrika (Felis lybica), ambaye huishi na kuwinda peke yake. Kwa mnyama wa namna hiyo jeraha ni hatari kubwa, maana hana kundi la kumlisha mpaka apone. Ndiyo sababu ishara nyingi za paka ni za kumwonya mwingine kabla hawajapigana. Baadaye paka walizoea kuishi karibu na binadamu. Penye chakula kingi, kama vile kwenye masoko ya samaki na katika mji wa kale wa Lamu, hukaa kwa makundi, na hapo ishara za urafiki huwa na kazi kubwa.

Mwaka 1872 Charles Darwin alieleza kwamba paka aliye tayari kushambulia na paka mwenye upendo huonyesha mikao iliyo kinyume kabisa. Wa kwanza huinama na kulaza masikio. Wa pili husimama, huinua mkia na kusimamisha masikio. Mtafiti Mjerumani Paul Leyhausen alionyesha katika karne ya 20 kwamba hofu na nia ya kushambulia zinaweza kuchanganyika katika paka mmoja kwa wakati mmoja.

Ishara kuu

Mkia: Mkia uliosimama wima ni salamu. Mkia unaopigwapigwa huku na huku ni dalili ya kero au msisimko. Mbwa anayetikisa mkia mara nyingi amefurahi, lakini kwa paka sivyo. Mkia uliovimba kwa manyoya kusimama ni dalili ya hofu au mshtuko.

Masikio: Yakielekea mbele, paka ametulia au anafuatilia kitu. Yakigeuka pembeni, ana wasiwasi. Yakilazwa kabisa juu ya kichwa, yuko tayari kujitetea. Mkao huo pia huyakinga na makucha ya adui.

Macho: Mboni hupanuka gizani, lakini hupanuka pia paka anapoogopa au kusisimka. Kwa hiyo ni lazima kuangalia kwanza kiasi cha mwanga. Kukodoa macho bila kupepesa ni tishio, na kufumba macho polepole ni ishara ya utulivu.

Mwili: Paka anayekunja mgongo juu na kusimama ubavu hujaribu kuonekana mkubwa. Paka anayelala chali huonyesha tumbo kwa sababu anamwamini aliye karibu, si lazima kwamba anataka kushikwa tumbo. Katika mapigano mkao huohuo huacha huru miguu yote minne na meno.

Jinsi paka wanavyoelewa ishara hizo

Katika utafiti wa Charlotte Cameron-Beaumont wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza (1997), paka walionyeshwa vivuli vya paka vilivyokatwa. Walipoona kivuli chenye mkia ulioinuliwa walikisogelea haraka zaidi, na mara nyingi waliinua mikia yao wenyewe. Hii inaonyesha kwamba mkia peke yake una maana kwao.

Mwaka 2020 watafiti wa vyuo vikuu vya Sussex na Portsmouth waligundua kwamba paka hufumba macho polepole zaidi binadamu anapowafanyia hivyo. Tena, walipenda zaidi kumkaribia mgeni aliyefanya hivyo kuliko yule aliyebaki na uso usio na ishara. Mwaka 2023 watafiti wawili wa Marekani waliorekodi paka katika mkahawa wa paka mjini Los Angeles walihesabu sura 276 tofauti za uso.

Maumivu

Paka huficha maumivu, hivyo mwenye paka anaweza kuchelewa kutambua ugonjwa. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Montréal, Kanada, kilichapisha kipimo kinachoangalia mambo matano: masikio, macho, mdomo na pua, sharubu, na jinsi kichwa kinavyoinuliwa. Kila jambo hupewa alama 0 hadi 2. Masikio yaliyotengana, macho yaliyofinywa na kichwa kilichoinama chini ya mabega ni dalili za kumpeleka kwa daktari wa mifugo.

Umuhimu kwa binadamu

Watu wengi, hasa watoto, huumwa au kuparuzwa kwa sababu hawakuona onyo lililotangulia. Ni salama zaidi kumwacha paka asogee mwenyewe, na kuacha kumpapasa mara mkia unapoanza kupiga au masikio yanapogeuka.

Paka huweza kuambukiza kichaa cha mbwa. Paka mpole aliyegeuka mkali ghafla, au paka wa mtaani asiyeogopa watu kama kawaida yake, asishikwe. Mtu aliyeumwa au kuparuzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali mara moja, hata kama jeraha ni dogo.