JE, USIPA HUZIBA MISHIPA YA MOYO?



Wapenzi wasomaji, mzee akirudi hospitali na habari kwamba mishipa ya moyo wake imejenga kalsiamu, nyumbani hutafutwa chakula cha kulaumiwa. Sisi wa mwambao wa Nyasa tunakula usipa mzima pamoja na mifupa yake, na mifupa ni kalsiamu. Basi ni rahisi usipa kuhukumiwa. Katika makala hii tutaona kwa nini hukumu hiyo si ya haki.

CHANZO NI NINI?

Moyo husukuma damu mwili mzima, lakini nao hulishwa na mishipa yake midogo. Utando wa ndani wa mishipa hiyo huumizwa na moshi wa tumbaku, presha ya kupanda, kisukari na lehemu nyingi katika damu. Ukishaumia, lehemu hupenya ndani ya ukuta wa mshipa. Chembe nyeupe za damu huja kupambana nayo, nyingi hufia hapo hapo, na pakabaki kidonda kisichopona. Kalsiamu hujijenga pale kama kovu, na mshipa huwa mgumu. Haya huchukua miaka mingi bila maumivu yoyote. Umri, urithi na ugonjwa wa figo huyazidisha.

Kwa hiyo kalsiamu ni alama ya ugonjwa, siyo mzizi wake. Usipa na maziwa havina kosa. Mifupa na meno yanavihitaji. Ila vidonge vya kalsiamu visimezwe bila ushauri wa daktari.

HATARI ZAKE

Tangu mwaka 1990 madaktari huipima kalsiamu hii kwa picha ya CT, kwa hesabu iliyowekwa na Dk. Arthur Agatston wa Marekani na wenzake. Sifuri ni habari njema, ingawa si kinga kamili. Ikifika 100 hatari imekua. Ikipita 400 ni kubwa.

Hatari yenyewe ni kidonda kupasuka, damu ikaganda juu yake na mshipa ukaziba. Huo ndio mshtuko wa moyo. Dalili zake ni kifua kubana, maumivu kwenda mkononi au tayani, jasho la baridi na kukosa pumzi. Mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, asingojewe kupambazuke. Mwenye kisukari huweza kupatwa bila maumivu.

TUFANYE NINI?

Mwaka 2017 jarida la The Lancet lilieleza habari za Watsimane wa Bolivia, watu wa kulima, kuwinda na kuvua. Katika watu wazima 705 waliopigwa picha, 85 kwa kila 100 hawakuwa na kalsiamu hata kidogo. Kazi zao si ngeni kwetu: ndizo za kuchimba ngoro Umatengo na kuvuta nyavu ziwani. Lakini leo bodaboda inatupandisha mlima, na chipsi zinatungoja juu. Basi:

(a) Tuache sigara na ugoro.
(b) Tupunguze chumvi na mafuta ya kukaangia.
(c) Tutembee kwa miguu kila siku.
(d) Tupime presha na sukari. Picha ya CT iko mbali, lakini presha hupimwa hata zahanati.

Nanyi wanafunzi, likizo hii msindikizeni baba, mama au babu akapimwe. Asiyeumwa ndiye wa kuanza naye.